Ndugu Yako Akifungwa Marekani: Jinsi ya Kumpata, Kusoma Hukumu Yake na Kumfikia

Mwongozo huu ni wa familia iliyoko Kigoma, Nairobi, Bukavu au Muscat, au hata hukohuko Columbus na Dallas, iliyosikia kwamba kijana wao amekamatwa Marekani na sasa kila mtu anasema lake. Mmoja anasema kapewa miaka mitano, mwingine anasema ni miezi tu, wa tatu anaapa kwamba atarudishwa wiki ijayo. Kabla hamjachanga hata senti, tafuteni vitu viwili: namba yake na karatasi ya mahakama. Bila hivyo mnachangia uvumi.

Nimeandika kwa yale yanayowakuta zaidi watu wetu. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili, na kuna sehemu nitasema waziwazi kwamba hapo bila wakili msiguse kitu.

Hatua ya 1: Jua yuko mikononi mwa nani

Marekani haina jeshi moja la magereza kama Tanzania au Kenya. Kuna mifumo mingi inayofanya kazi bila kuulizana. Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na karibu kila aliyekamatwa huanzia humo: mahabusu wanaosubiri kesi, pamoja na waliopewa vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka. Jela za aina hii ni takribani 3,000 nchi nzima. Gereza la jimbo ni la waliohukumiwa na mahakama ya jimbo kwa makosa makubwa, na kila jimbo kati ya yale 50 lina idara yake na kanuni zake. Gereza la shirikisho ni la waliovunja sheria za nchi nzima, kama udanganyifu wa kibenki au kughushi hati za uhamiaji. Hayo yanaendeshwa na Idara ya Magereza ya Shirikisho, iliyoundwa mwaka 1930 na inayojulikana kwa kifupi kama BOP.

Cha nne kisheria si gereza, ingawa kuta ni zilezile: kizuizi cha ICE, yaani askari wa uhamiaji. Aliyeko humo hatumikii adhabu yoyote. Anasubiri jaji wa uhamiaji, au ndege. Na kwa kuwa ICE hukodi vitanda ndani ya jela za kaunti, mtu anaweza kubaki kwenye kitanda kilekile huku mwenye mamlaka juu yake amebadilika usiku. Ukipiga simu jela, kuuliza "yupo?" hakutoshi. Uliza anashikiliwa na nani, na kwa hati gani.

Hatua ya 2: Mtafute kwa kila jina alilowahi kuandikwa

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa bure. Mtu yupo, ila mnamtafuta kwa jina la nyumbani. Makarani waliompokea hufuata karatasi alizoingia nazo, na karatasi za watu wetu zina mambo. Ramadhani wa Ujiji huandikwa Ramazani akitokea upande wa Kongo. Juma huwa Djuma, Hamisi huwa Amissi, Shabani huwa Chabani. Jina la babu linaweza kuwa ndilo limekaa mahali pa jina la ukoo. Jaribu yote, na uyageuze mbele nyuma.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mitego miwili. Wakimbizi wengi waliandikwa 1 Januari kwa sababu siku halisi haikujulikana, basi jaribu hiyo kwanza. Pili, Wamarekani hutanguliza mwezi: 03/07 kwao ni tarehe 7 Machi.

Kwa magereza ya shirikisho, tovuti ya BOP ina ukurasa wa kutafuta wafungwa bila malipo, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1982. Ukimpata, nakili namba yake ya tarakimu nane, tano kabla ya kistari na tatu baada yake. Hiyo ndiyo itakayotumika kwa kila kitu, kuanzia barua hadi pesa. Kwa gereza la jimbo, nenda kwenye tovuti ya idara ya magereza ya jimbo husika. Kwa jela ya kaunti, tovuti ya sherifu huwa na orodha ya waliomo, mara nyingi pamoja na mashtaka na kiasi cha dhamana. Kuna pia huduma ya bure iitwayo VINELink inayounganisha majimbo mengi. Ilianzishwa kwa ajili ya wahanga wa uhalifu, lakini yeyote anaweza kujiandikisha apate ujumbe mfungwa anapohamishwa au kuachiwa.

ICE wana ukurasa wao. Unahitaji namba A ya uhamiaji, yenye tarakimu tisa (ikiwa yake ni nane, anza na sifuri), pamoja na nchi aliyozaliwa. Soma vizuri: nchi aliyozaliwa. Mkongomani aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, amezaliwa Tanzania hata kama hana uraia wa Tanzania na hajawahi kuutaka. Ukichagua Kongo, mtandao utakujibu kwamba hakuna mtu kama huyo. Ukitafuta kwa jina badala ya namba, lazima lilingane herufi kwa herufi. Namba A ipo kwenye grini kadi (kadi ya ukaaji wa kudumu), kwenye kibali cha kazi na kwenye barua nyingi za uhamiaji, kwa hiyo anayeishi naye aanzie kwenye ile bahasha ya makaratasi ya nyumbani.

Kuhusu ubalozi, Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo Marekani ina wajibu wa kuzijulisha hata mtuhumiwa asipoomba. Mkenya anatakiwa aombe mwenyewe. Lakini kama ndugu yako ni mkimbizi au ameomba hifadhi kwa kuikimbia serikali yake, usiupigie ubalozi huo simu kabla ya yeye na wakili wake kukubali.

Hatua ya 3: Dhamana, na simu za matapeli

Jaji akipanga dhamana ya dola 10,000, familia ina njia mbili. Kuilipa yote mahakamani, na kurudishiwa kesi ikiisha endapo mshtakiwa amehudhuria kila siku aliyoitwa. Au kwenda kwa wakala wa dhamana, kumlipa kwa kawaida asilimia 10, na hiyo dola 1,000 haitarudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Si kila jimbo liko hivi. Illinois, kwa mfano, ilifuta kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023.

Kabla ya kulipa, uliza jela kama kuna ombi la ICE la kumshikilia. Ombi hilo huitaka jela imzuie hadi saa 48 baada ya muda aliostahili kutoka, ili ICE waje kumchukua. Familia inachanga, inalipa mchana, na jioni kijana anatoka mlango mmoja na kuingia gari la uhamiaji nje ya mlango wa pili. Wakati mwingine wakili atashauri alipiwe hivyohivyo, wakati mwingine asilipiwe kabisa. Huo si uamuzi wa kikao cha ukoo kwenye WhatsApp.

Na akipiga mtu anayejiita afisa, akisema dhamana ilipwe kwa kadi za zawadi za dukani au kwa namba ya simu ya mtu binafsi, huyo ni tapeli. Mahakama haipokei kadi za zawadi. Kata simu, chukua namba ya jela kwenye tovuti ya kaunti, piga mwenyewe.

Hatua ya 4: Kabla hajakiri kosa

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo familia hugundua ikiwa imeshapita. Zaidi ya hukumu 9 kati ya 10 za jinai Marekani hazitokani na kesi kusikilizwa. Hutokana na makubaliano: mshtakiwa anakiri kosa fulani, mwendesha mashtaka anafuta mengine au anapendekeza adhabu ndogo. Ndugu yako atawekewa karatasi mezani, na huenda akapewa siku chache tu za kuamua.

Asiye na pesa ana haki ya wakili wa kulipiwa na serikali katika kesi ya jinai inayoweza kumfunga. Msingi wake ni kesi ya Gideon ya 1963. Wakili huyo ni wakili kamili. Watu wetu humdharau kwa sababu ni wa bure, wakakopa na kumleta wa kulipwa ambaye hajui lolote la uhamiaji. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai analazimika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini. Kwa hiyo ndugu yako aulize kwa maneno haya: "Nikisaini hii, uhamiaji watanifanya nini?" Jibu likiwa "hilo tutaliona baadaye", asisaini siku hiyo.

Sasa tazama namna siku chache zinavyogeuza maisha. Katika mahakama ya shirikisho, mfungwa hupata punguzo la tabia njema la hadi siku 54 kwa kila mwaka aliohukumiwa, lakini kifungo lazima kizidi mwaka mmoja. Aliyepewa miezi 12 kamili anatumikia yote 12. Aliyepewa mwaka mmoja na siku moja anaweza kutoka baada ya miezi kumi na kidogo. Ndiyo maana utasikia wakili akimwomba jaji *aongeze* siku, na mama mzazi anashangaa kama wakili ana akili timamu.

Lakini kwa asiye raia, siku hiyohiyo inaweza kuwa sumu. Kwa sheria ya uhamiaji, makosa kama wizi au ya kutumia nguvu huingia katika kundi baya kuliko yote pale adhabu inapofika mwaka mmoja. Akishaingia humo, mwenye grini kadi hupoteza haki ya kumwomba jaji wa uhamiaji amsamehe, hata kama ana watoto raia na miaka 20 ya kulipa kodi. Kifungo cha nje nacho kinahesabiwa. Jaji akisema "mwaka mmoja jela, lakini nausimamisha, nenda nyumbani", kijana anatoka akishangilia, kumbe kwa uhamiaji ameshahukumiwa mwaka mmoja. Siku 364 na siku 365 kwa macho ni kitu kimoja. Kwa uhamiaji ni kukaa au kuondoka. Majimbo kadhaa yalilitambua hilo na kushusha kilele cha adhabu ya makosa madogo hadi siku 364, ikiwemo California mwaka 2015 na New York mwaka 2019.

Kuna makosa ambayo hata siku hazitazamwi. Biashara ya dawa za kulevya humwingiza mtu katika kundi hilo kwa adhabu yoyote, na utapeli uliosababisha hasara ya zaidi ya dola 10,000 vilevile. Na ile mipango ya "kiri sasa, ukikaa vizuri tutafuta shtaka" mara nyingi hubaki kuwa hatia machoni pa uhamiaji hata baada ya mahakama ya jimbo kufuta kila kitu. Tafuta wakili wa uhamiaji wa kuzungumza na wakili wa jinai kabla ya saini. Saa moja ya ushauri wake inaweza kugharimu dola mia kadhaa. Kama ukoo una uwezo wa kulipia kitu kimoja tu katika safari hii yote, lipieni hicho.

Mambo mawili ya lugha. Mahakama humpa mkalimani. Katika mahakama za shirikisho sheria yake ni ya 1978. Lakini Kiswahili cha Mombasa na cha Uvira si kimoja, na mzee ambaye lugha yake hasa ni Kibembe au Kinyamulenge anaweza kuitikia "ndiyo" kwa adabu bila kuelewa anachokiri. Aseme mbele ya jaji kwamba haelewi. Si utovu wa heshima, na jaji hatakasirika. La pili: simu za jela zinarekodiwa. Usizungumzie kesi kwenye simu, hata kwa kilugha. Waendesha mashtaka wana bajeti ya wafasiri.

Hatua ya 5: Soma hukumu mwenyewe

Usiamini miaka inayotangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Tafuta karatasi. Kesi za shirikisho zipo kwenye mfumo wa PACER: senti 10 kwa ukurasa, si zaidi ya dola 3 kwa hati, na matumizi yako yakiwa dola 30 au pungufu kwa robo mwaka hulipi kitu. Hati unayoitaka ni hukumu ya kesi ya jinai, fomu AO 245B. Mahakama za jimbo zina tovuti za makarani wao, nyingine bure, nyingine kwa ada ndogo.

Ukiipata, angalia kwanza idadi ya makosa na kama adhabu zinatumikiwa kwa wakati mmoja au kwa kufuatana. Miaka mitatu na miaka minne kwa pamoja ni minne. Kwa kufuatana ni saba. Halafu piga hesabu. Katika shirikisho hakuna paroli, yaani bodi kumwachia mfungwa kabla ya muda wake, kwa makosa yaliyotendwa tangu 1 Novemba 1987, kwa hiyo msikae mkisubiri bodi. Miezi 60 toa siku 270, inabaki takribani miezi 51. Miaka 10 inakuwa kama minane na nusu. Siku alizokaa mahabusu kwa kesi hiyo hutolewa pia, lakini siku alizoshikiliwa na ICE kwa mambo ya uhamiaji kwa kawaida hazihesabiwi.

Utasikia pia habari za sheria ya First Step ya Desemba 2018, inayompa mfungwa wa shirikisho siku 10 hadi 15 kwa kila siku 30 za programu na masomo. Ni kweli. Ila aliye na amri ya mwisho ya kuondolewa nchini hawezi kuzitumia siku hizo, na hapo ndipo wenzake wanaondoka mapema na yeye anabaki.

Kwa majimbo, hakuna kanuni moja. Virginia ilifuta paroli kwa makosa ya tangu Januari 1995. New York bado utakuta hukumu kama "miaka 5 hadi 15": mitano ndiyo ya kufika mbele ya bodi, 15 ndiyo mwisho.

Tazama pia ukurasa wa fedha. Kila kosa kubwa la shirikisho lina tozo ya dola 100, na huenda kuna fidia kwa aliyedhulumiwa. Gereza humpangia alipe kidogokidogo, na pesa nyingi zikiingia kwenye akaunti yake, kiwango hicho hupandishwa. Basi tumeni kidogo kwa utaratibu, msitume harambee nzima kwa mkupuo.

Anayetaka kukata rufaa katika shirikisho ana siku 14 tu tangu hukumu iandikwe. Huu si muda wa kutafuta wakili mpya. Wakili aliyepo ndiye anawasilisha notisi.

Hatua ya 6: Simu, barua, pesa, ziara

Baada ya hukumu ya shirikisho, atapotea kwenye mtandao kwa wiki kadhaa au ataonekana Oklahoma City. Hajafungwa huko. Ni kituo cha kupitia, kilichojengwa kwenye uwanja wa ndege, ambako wafungwa hubadilishana ndege. Sheria inataka awekwe ndani ya maili 500 kutoka nyumbani kwake inapowezekana. Asiye raia anayetarajiwa kufukuzwa kwa kawaida hapelekwi kwenye zile kambi za wafungwa zisizo na uzio, hata kosa lake liwe dogo.

Simu hutoka kwake, haziingii, na hukatika baada ya dakika 15. Usiunganishe mtu wa tatu. Dada aliyeko Minneapolis akimwunganisha mama aliyeko Bujumbura kwa upendo tu, mfumo ukigundua, anayeadhibiwa ni mfungwa, na huenda akanyimwa simu kwa muda. Mama aandikishwe namba yake mwenyewe, hata kama dakika za nje ni ghali.

Barua iwe na jina kamili na namba. Barua ya Kiswahili inaruhusiwa ila inaweza kuchelewa kukaguliwa. Majimbo mengine hayampi mfungwa karatasi yenyewe: Pennsylvania tangu 2018 hupeleka barua za kawaida kwa kampuni iliyoko Florida, zinapigwa picha, na anapata nakala. Usiweke humo picha pekee ya marehemu babu. Vitabu, Kurani na Biblia vitoke moja kwa moja kwa mchapishaji au duka.

Pesa za shirikisho hupitia Western Union, MoneyGram, au posta oda inayopelekwa Des Moines, Iowa, usipeleke gerezani. Majimbo hutumia kampuni kama JPay. Zinahitajika kwa sabuni, simu na tambi za duka la gereza, kwa sababu mshahara wa kazi za kawaida katika shirikisho ni senti 12 hadi 40 kwa saa, na Texas hailipi kitu.

Ziara: mfungwa ndiye anayepeleka majina, wageni wanajaza fomu, ndipo mnaruhusiwa. Katika shirikisho kiwango cha chini ni saa nne kwa mwezi. Msivae kaki wala rangi za sare za wafungwa. Watu wamesafiri saa nane kwa gari wakarudishwa mlangoni kwa suruali. Na asiye na hati za ukaaji asijipeleke kabla ya kuongea na wakili.

Hatua ya 7: Siku ya kutoka

Kama kuna ombi la ICE, msiweke gari getini. Atachukuliwa, na kesho yake anzeni tena na ukurasa wa ICE mkiwa na namba A na nchi ya kuzaliwa. Mahakama ya uhamiaji haimpi wakili wa bure, kwa hiyo huyu mtafuteni miezi kadhaa kabla.

Akishapewa amri ya kuondoka lakini hakuna nchi inayompa hati ya kusafiria, hawezi kushikiliwa milele. Kesi ya Zadvydas ya 2001 ilihusu mtu aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Ujerumani kwa wazazi wa Lithuania, na nchi zote mbili zikamkataa. Mahakama ya Juu iliweka miezi sita kuwa kipimo cha kawaida baada ya amri. Hapo mzuiliwa anaweza kudai aachiwe kama haionekani kwamba ataondolewa karibuni. Tangu 2025, hata hivyo, Marekani imekuwa ikiwapeleka baadhi ya watu nchi za tatu, zikiwemo Eswatini, Sudan Kusini na Rwanda, basi msihesabu miezi sita mkaishia hapo. Wakili aandae mapema ombi la habeas corpus, yaani la kuitaka mahakama ichunguze kama anashikiliwa kihalali, na kulipeleka mahakama ya shirikisho ya wilaya anakoshikiliwa, kabla hajahamishiwa wilaya nyingine.